Alikotoka Mungu wa Bani Israili, na Dua za Bibi

Kabla ya mambo yote haya, Bibi alikuwa akiomba kwa sauti.

Sala yenyewe akisali kwa Kiarabu kama watu wote. Lakini akishatoa salamu, akishamaliza tasbihi, alikuwa akinyanyua mikono na kuzungumza na Mungu kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha mjini Unguja, bila ya haraka, kama mtu aliyekaa barazani na mwenzake. "Mola wangu, goti hili limenishinda, lakini sikulaumu." "Mungu wangu, umeme ulikatika na samaki wote wameharibika, na wewe umeona mwenyewe." Halafu akitaja watu, wafu na wazima, wa Unguja alikotoka, na wa Ibra na wa Sur, miji ya huku kwa Waarabu tunakoishi, kila mmoja kwa jina lake na haja yake. Sisi watoto tuliokuwa tukicheza uani tulisikia kila kitu. Binamu yangu mmoja alijua kuwa mama yake ana mimba kwa kumsikia Bibi akimwambia Mungu.

Mimi nilikuwa nikingoja jina langu. Sijui kama naweza kulieleza hili vizuri. Mimi ni mtu ambaye darasani mwalimu akiuliza, jibu ninalo, lakini sauti haitoki, na wakati inapotaka kutoka mwingine keshajibu. Kwenye harusi nakaa karibu na mlango. Basi pale kwenye msala wa Bibi nilikuwa natajwa kwa sauti kubwa, nyumba nzima ikasikia, bila ya mimi kufanya lolote. "Na huyu mkimya wangu, Mola, mfungue ulimi. Lakini usimfungue sana, mama yake anatosha." Nikacheka peke yangu nyuma ya mlango.

Na kulikuwa na dua ya mtihani. Hiyo ilikuwa ada ya nyumba yetu. Asubuhi ya mtihani mkubwa, mtoto anapita kwa Bibi kabla ya kutoka, Bibi anamwekea mkono kichwani na kumwombea kwa Kiswahili mpaka amalize. Kaka yangu alipitishwa hivyo, binamu zangu walipitishwa hivyo, hata wale ambao hawajui Kiswahili zaidi ya "njoo" na "kula". Mwaka huu ulikuwa mwaka wangu. Darasa la kumi na mbili.

Baba alihamishiwa Nizwa kikazi, akaenda na mama na wadogo zangu, mimi nikaachwa Ibra kwa Bibi ili nisibadilishe skuli mwaka wa mwisho. Nizwa si mbali, wanakuja baadhi ya Alhamisi jioni. Lakini Jumamosi wanapoondoka, nyumba inakuwa kubwa. Tulibaki Bibi, mimi, ami ambaye ni mdogo wa baba, mke wake na watoto wao wadogo. Mama alipokuwa anafunga mabegi aliniambia, "Wewe una bahati, utakuwa karibu na dua ya Bibi." Aliondoka na maneno hayo na mimi nikabaki nayo.

Mke wa ami ni mtu wa hapa hapa, kwao hakuna aliyewahi kuvuka bahari kwenda Afrika. Nasema kweli, nampenda. Ndiye aliyekaa na mimi hospitali nilipovunjika mkono. Mwaka jana alianza kwenda darsa la wanawake, na siku moja, mama keshahamia Nizwa, alirudi kabla ya magharibi, akambusu Bibi kichwani, akakaa karibu yake na kumwambia kwa Kiarabu, kwa upole kabisa:

"Ummi, dua bora ni kwa Kiarabu, kwa maneno yale tuliyopokea. Lugha ya kule iache kwa mambo ya jikoni."

Akampa kadi ndogo ya plastiki yenye dua, zimechapwa vizuri na irabu zote, ili isimsumbue macho.

Mimi nilikuwa nachambua mchele. Nilingoja Bibi ajibu. Bibi yangu huyu humgombeza muuza samaki mpaka samaki wengine wanashuka bei wenyewe.  Lakini aliichukua kadi, akaigeuza, akasema, "Allah akubariki, binti yangu," na sauti yake ilikuwa ndogo.

Baadaye ndiyo nilielewa. Kiarabu ndicho kitu pekee kinachomtia Bibi haya. Alifika nchi hii na mimba ya baba yangu, na wanawake wa mtaa walikuwa wakimwomba aseme neno hili na lile ili wacheke. Maisha yake yote hapa, mtu akimsahihisha kwa Kiarabu, yeye anakubali tu.

Tangu siku ile, alasiri nyumba ikawa kimya. Bibi alikuwa anasoma kadi yake kwa kunong'ona, midomo inakwenda, hakuna kinachosikika. Hakuna goti, hakuna samaki, hakuna mimi. Nilijaribu kukaa karibu zaidi. Nilisikia "s" na "h" tu.

*

Ami ni dereva wa watalii. Anawachukua Bidiya kwenye kambi za mchangani, anawapandisha na kuwateremsha vilima mpaka watapike, halafu anawapa kahawa na tende. Ijumaa moja, tumekaa chini tunakula, akaanza.

"Mama, juzi nilimbeba bibi mmoja mzee kama wewe. Hakutaka vilima. Kazi yake kusoma mawe."

"Mawe yana nini?"

"Yana maandishi ya kale. Misri, Sham, huko. Anasema umri wake wote kaumalizia kwenye swali moja. Mungu wa Bani Israili, walianza kumjua wapi."

Bibi alisimamisha tonge. "Swali gani hilo? Mungu ana kwao?"

"Wallahi ndivyo nilivyomwambia! Akacheka. Akasema yeye hatafuti alikotoka Mungu, anatafuta watu walikuwa wapi walipoanza kumwita kwa jina lile."

"Jina lipi?"

"Yahwe."

Mke wa ami alisema kwa Kiarabu, "Astaghfirullah, kula wali wako, unapoa." Neno lile peke yake alikuwa amelielewa.

Lakini ami akishaanza hadithi hasimami, ndiyo kazi yake. Alisema huko Nubi kuna hekalu lililojengwa na mfalme wa Misri, zaidi ya miaka elfu tatu nyuma, na kwenye nguzo zake wamechorwa mateka wenye mikono nyuma, na kila mmoja kaandikiwa nchi yake. Mmoja kaandikiwa nchi ya wachungaji wa kuhamahama, na nchi yenyewe ina jina hilo hilo, au linalofanana nalo. Na wachungaji hao wanadhaniwa walikuwa kusini, kwenye jangwa, upande wa Madyan.

"Sasa Nabii Musa," ami akasema, akimnyooshea Bibi kidole chenye wali, "si alikuwa Madyan, anachunga?"

Bibi alifikiri. "Alikuwa. Kwa mkwewe."

"Basi! Yule bibi anasema walioleta jina lile ni watu wa mifugo. Watu wa jangwa kama wa Bidiya."

"Kama wa Bidiya," Bibi akarudia, akacheka kidogo. "Hao wenye mashindano ya ngamia?"

Ikaisha hivyo, mazungumzo yakahamia kwenye maji ya falaji, mfereji wa mashambani, yaliyopungua. Lakini mimi ile habari ilinikaa. Nilianza kutafuta kwenye simu, kwa Kiarabu na kwa Kiingereza, na maneno magumu nikiyatafsiri moja moja. Nakiri niliogopa. Siku ya kwanza niliifunga simu nikatawadha. Mimi naamini Mungu ni mmoja na hakuanza. Halafu nikakumbuka alivyosema yule mzee wa mawe, nikaona hapana, hii ni habari ya watu, namna walivyokuwa wakimtafuta, na wakati mwingine wakikosea njia. Hapo nikaweza kusoma.

*

Sikutegemea kuwa Bibi ndiye angeniuliza. Alasiri moja alikuwa keshakunja msala, kadi kaiweka chini ya mto, tukakaa uani kutoa kokwa tende mbovumbovu kwa ajili ya kupikia. Akaniambia bila ya kuniangalia:

"Lile la yule mwanamke wa mawe. Nimekuona unasoma."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya, niambie na mimi."

Nikamwambia. Kwa Kiswahili, maana na Bibi sina lugha nyingine, na Kiswahili changu kina mashimo. Ikawa ndiyo kazi yetu ya alasiri. Saa ile ile aliyokuwa akiomba, sasa mimi nilikuwa nikimsomea Bani Israili. Nikawa msemaji. Ningependa ungeniona, lakini hakuna aliyeniona ila Bibi na paka.

Nilimwambia kuwa katika mashairi yao ya zamani kabisa, Mungu huyo anatokea kusini. Anakuja kutoka milima ya jangwani na radi, milima inatikisika, mawingu yanamwaga maji, mabonde yanajaa. Wasomi wanasema watu wa nchi kavu walimjua kwanza hivyo, kwa mvua na kishindo.

Bibi aliangalia upande wa milima. Ilikuwa mikavu, rangi ya mkate ulioungua. "Hilo nalifahamu. Mwaka wangu wa kwanza hapa niliisikia radi inazunguka milimani kama mtu anasukuma mapipa, halafu wadi, ule mto mkavu, ikashuka na maji, ikachukua mbuzi na gari la jirani. Nikasema kumbe, ndiyo maana watu wa hapa wanamwogopa Mungu. Kwetu mvua ilikuwa inakuja tu. Unaanua nguo, basi."

Nilimwambia kuwa huko Kanaani walikokaa, wenyeji walikuwa na mungu wao mkubwa, mzee, wanamwita Eli, baba wa miungu mingine. Na jina lenyewe la Israili mwisho wake ni Eli, halina Yahwe ndani yake. Kwa hivyo wasomi wanaona huenda mwanzo walimjua Eli, na Yahwe akaja na watu wa kusini, na pole pole wakasema, huyu ni yule yule.

"Nani alisema? Mmoja alisimama akasema?"

"Hawajui, Bibi. Labda walioana."

"Hapo wamesema kweli," Bibi akasema. "Watu wakioana hata Mungu wanaanza kumwita kwa sauti moja." Akatazama mlango wa jikoni, mke wa ami alikuwa ndani anakaanga kitunguu. Kisha akaendelea na tende.

Siku nyingine nilimwambia ya mitungi. Kuna kituo cha wasafiri katikati ya jangwa, wachimbaji waliokota mitungi iliyovunjika, na juu yake mtu kaandika baraka kwa jina la Yahwe na Ashera wake.

"Ashera ndiyo nini?"

Nikaona haya. "Wengine wanasema ni mti uliosimamishwa kwa ibada. Wengine wanasema... watu wale walidhani ana mke."

"Mke!" Bibi alicheka mpaka mtandio ukamwanguka mabegani, akaleta istighfari, akacheka tena. "Usimwambie wa ndani, atatutoa nyumbani sisi sote. Mke! Masikini watu wale. Walikuwa wapya."

Hilo neno, walikuwa wapya, nililipenda. Nilikuwa nimesoma kurasa na kurasa na hakuna aliyelieleza hivyo.

Nilikuwa na furaha siku zile, siwezi kukataa. Lakini furaha ilikuwa na tundu. Kila alasiri nilikuwa namwangalia anavyosoma kadi, midomo inakwenda, anapangusa uso kwa viganja, anakunja msala, anakuja kukaa na mimi kama mtu aliyemaliza kazi ya ofisi. Zamani alikuwa akinyanyuka msalani macho mekundu, au anacheka. Na mtihani ulikuwa unakaribia. Skuli walishatugaia namba za kukalia. Nilitaka kumwambia, Bibi, asubuhi ile utaniombea vipi? Utanisomea kadi? Nilikuwa naipanga sentensi, naisema kimoyomoyo uani kote, nikifika kwake namwambia kuwa maji ya chai yamechemka.

Mama alipiga simu kutoka Nizwa; tangu Bibi ashushe sauti walikuwa hawajapata nafasi ya kuja. "Bibi anakuombea?"

"Ndiyo."

"Kwa sauti yake ile? Hebu siku moja weka simu hapo msalani, nisikie na mimi. Huku Nizwa nimekosa hata mtu wa kunisema."

Nikasema inshallah.

*

Siku ya nyumbu, hiyo nitaieleza yote.

Nilikuwa nimefika kwenye habari kuwa zamani kila taifa lilihesabu kuwa lina mungu wake na ardhi yake. Ukivuka mpaka, umevuka na mungu. Kuna hadithi moja ya kale, ya mkuu wa jeshi wa Sham aliyekuwa na ukoma. Akaenda kwa nabii wa Bani Israili, akapona. Akataka kumwabudu Mungu aliyemponya, lakini kwao ni mbali, ni nchi nyingine. Basi akaomba apewe udongo wa Israili, mzigo wa nyumbu wawili, arudi nao, ili apate kumwabudu juu yake huko kwao.

Bibi aliacha tende. "Udongo?"

"Udongo, Bibi."

"Wa nyumbu wawili?" Akaanza kutikisika. "Mjinga gani huyu! Mtu mzima, mkuu wa askari, barabara nzima na udongo! Na forodhani alisemaje? Yarabi. Alidhani Mungu ana sikio huko huko tu? Alidhani akimwita kutoka kwao hamfahamu?"

"Na wewe, Bibi?"

"Na mimi nini?"

Sauti ilitoka. Sijui ilitokea wapi, sikuwa nimeipanga. "Wewe unadhani Kiswahili hakifahamu?"

Paka aliendelea kujilamba. Jikoni mafuta yalikuwa yanalia. Bibi alinitazama, na uso wake uliokuwa unacheka ukabaki vile vile ulivyo lakini kicheko kimetoka ndani yake.

"Sinia hili," akasema, "lipeleke ndani."

Nikalipeleka. Niliporudi hakuwepo uani.

Alasiri iliyofuata nilikaa mahali petu na tende zangu, hakuja. Na iliyofuata. Alikuwa anakaa chumbani, mlango umerudishwa. Asubuhi nikimwambia "Shikamoo, Bibi," ananijibu "Marahaba," hana hasira, lakini hana zaidi. Mke wa ami aliniuliza kwa Kiarabu, "Bibi anaumwa?" Nikasema labda goti. Akaenda kumpaka mafuta ya zeituni, na nilimsikia kupitia mlangoni akimwimbia kidogo, kama anavyowaimbia watoto wake.

Niliendelea kusoma peke yangu. Nilifika kwenye Babeli. Jengo lao la ibada lilichomwa moto, watu wakachukuliwa mateka mbali. Kwa hesabu za zamani, mambo yalikuwa yamekwisha. Ardhi hakuna, nyumba ya Mungu hakuna, kwa hivyo mungu wa walioshinda ndiye mkubwa. Na wasomi wanasema ni hapo hapo, ugenini, mikononi mwa watu, ndipo waandishi wao walipolisema kwa uwazi kuliko wakati wowote: hakuna mwingine, ni yeye tu, na dunia yote ni yake. Walijua kuwa yuko nao walipokuwa hawana chochote cha kumwekea. Nililia niliposoma hapo, sijui kwa nini, mimi silii ovyo.

Halafu nikasoma la mwisho. Jina lile, Yahwe, walianza kuliogopa. Kwa heshima. Likawa haliwezi kutamkwa na mtu wa kawaida, wakisoma na kulikuta wanasema "Bwana" badala yake. Miaka ikapita, na leo hakuna mwenye hakika lilitamkwa vipi. Herufi nne zimebaki, sauti imekwenda. Hivi ninavyoandika "Yahwe" ni kukisia kwa wasomi. Hakulichukua adui, wala halikukatazwa na mfalme. Walilipenda mpaka likanyamaza.

Hilo nilitaka kumwambia Bibi kuliko yote, na hakuwepo mtu uani.

*

Siku moja kabla ya mtihani, aliniita mwenyewe. Alikuwa kitandani, amenyoosha mguu.

"Kaa." Nikakaa. "Wewe ulinikasirisha."

"Samahani, Bibi."

"Nyamaza, sijamaliza. Mimi najua anafahamu Kiswahili. Nilipokuwa melini nakuja huku, natapika, nilimwita kwa lugha gani? Hakuniuliza. Sikuacha kwa sababu hiyo." Aliipapasa kadi chini ya mto, akaiangalia, akairudisha. "Niliacha kwa kuwa nimechoka kuwa mgeni. Umri huu! Mtu akikwambia, hata ukisali unasikika wewe si wa hapa, wewe utafanya nini? Unashusha sauti. Basi."

 Nilimkamata mguu ule wenye goti bovu, nikaukanda. Baada ya muda akaniuliza, "Wale Bani Israili wako wamefika wapi?"

"Wamefika Babeli, Bibi. Wamechukuliwa."

"Masikini," akasema, akageukia ukutani.

Asubuhi yake niliamka kabla ya alfajiri, nikasoma mpaka mistari ikaanza kuruka. Nilivaa sare, nikaenda jikoni. Mke wa ami alikuwa anachoma mikate kwenye bamba la moto, watoto wamelala bado. Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, kavaa kanga yake ya kusalia, kadi mkononi.

"Nimekusomea," akaniambia. "Humu mna dua ya mtihani, nzuri, nimeisoma yote." Akaiweka kadi pajani. "Lakini naona kama nimemwombea mtoto wa jirani."

Mke wa ami aligeuka kidogo. Kiswahili hakijui, ila aliona uso wangu.

"Njoo," Bibi akasema.

Nilipiga magoti mbele ya kiti. Aliweka mkono kichwani kwangu, mzito, una harufu ya ubani na kitunguu, na akaanza. "Ewe Mola wangu, ni mimi." Sauti ilikwama, kama bomba lililokaa bila ya maji. Akakohoa. "Ni mimi, yule wa siku zote. Nilikuwa nipo." Mke wa ami akainama akapunguza gesi, jiko likanyamaza. Sijui kama ni kwa ajili ya mkate au kwa ajili ya Bibi.

Bibi hajui kuomba kwa kufupisha. Lazima aanze na wafu, kwa adabu, na wafu wake wako mbali. Alianza na mama yake na baba yake, makaburi yao yako Unguja, akaenda kwa ndugu zake, mmoja mmoja. Nje basi la skuli lilipiga honi. Bibi alifika kwa dada yake, yule aliyebaki kule na hawakuonana tena, na hapo akasimama.  Jina lilikuwa limempotea. Miezi yote ile hakuwa amelitaja.

"Mola wangu, na dada yangu... na dada yangu, yule..."

Nilikuwa nalijua. Nimelisikia tangu utotoni kila alasiri. Nikalitaja, kwa sauti, jikoni mle, mbele ya watu.

"Ahsante," Bibi akasema, sijui akiniambia mimi au akimwambia Mungu, na akaendelea.

Honi ikapiga tena, ndefu. Mke wa ami akanishika bega, "Yallah, utaachwa na basi," na macho yake yalikuwa yamelowa. Bibi hakufungua macho wala hakuongeza mwendo. Nilitoa kichwa polepole chini ya mkono wake, nikaubusu, ukabaki vile vile umenyanyuka hewani kama bado niko. Nilichukua begi. Kutoka uani nilikuwa namsikia bado, sauti sasa imefunguka, anawaombea watu wa Sur walio hai, bado hajafika Ibra, na mimi ni wa mwisho wa Ibra, baada ya wakubwa wote.

Nilisimama getini nikingoja. Dereva aliteremsha kioo akaniuliza kama leo naenda au siendi. Nikapanda. Madirisha yalikuwa yamefungwa ili baridi ya kiyoyozi isitoke, wasichana wote wananong'ona majibu, na basi likaondoka. Bibi alikuwa bado yuko Sur, na kutoka Sur mpaka kwangu kulikuwa na watu wengi.